Wiki Mbili za Kimya

Mtu akikwambia Rahila binti Haji hana roho, mkatalie. Roho anayo, tena laini kupita kiasi. Tatizo lake ni mdomo. Penye jambo la maana mdomo wake hufunga kama duka la Ijumaa mchana, na hilo halikuanza jana.

Alhamisi ile asubuhi alikuwa mezani kwake Chumbageni, kikombe cha chai ya tangawizi pembeni, kompyuta mbele, moyo umetulia. Simu ikaita. Alikuwa Mama Khairiya, mke wa ami yake, na Mama Khairiya si mtu wa kupiga simu asubuhi. Vocha yake huitunza kwa ajili ya misiba. Hata salamu aliipitia juu juu. Ami yako hali, alisema, halali, leo siku ya tisa. Kengele za zahanati zimekufa, kuna mzazi kaponea chupuchupu, na mzee kashikilia kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Anasema akili inamtoka. Kaanza kubandika vikaratasi nyumba nzima, huu ufunguo, hii taa, hili jiko. Njoo umtazame, maana ninyi ndio mnaoelewana kwa hizo kompyuta zenu.

Rahila akauliza kengele zilikufa lini. Akaambiwa hakuna anayejua hasa, ila hazijalia tangu Jumamosi ile mzee alipoiapdeti mashine, kuitia matoleo mapya. Rahila akahesabu siku kwa vidole chini ya meza, akarudia kuhesabu. Chai ilipoa pale pale, hakuigusa tena.

Hapa sina budi kukueleza kazi yake, nawe usikimbie, si ngumu hivyo. Ndani ya kila kompyuta mna programu kuu inayozitawala nyingine zote, na sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Programu ya kawaida haigusi mtandao kwa mkono wake. Hukiomba kiini, kama mtu anavyoomba huduma dirishani, kwa kujaza fomu. Kiini anachokifanyia kazi Rahila hakina mwenyewe: hutengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wakiandikiana barua pepe, na yeyote hukitumia bure. Watu hao wana mwiko mmoja mkubwa, nao ni kutovunja programu ya mtu. Fomu iliyopokelewa jana dirishani ipokelewe leo na kesho, hata kama ni mbaya, hata kama aliyeibuni keshakufa.

Sasa, palikuwa na fomu moja kongwe ya kuomba kujiunga na kundi la wasikilizaji kwenye mtandao. Ilikuwa na visanduku viwili. Baadaye ikatoka mpya yenye vitatu, lakini kiini kikaendelea kuipokea ile kongwe: kikiona visanduku viwili, chenyewe hujazia cha tatu, mambo yakaenda. Kazi hiyo ilifanywa na mistari kumi na saba ya msimbo, yaani maagizo ya programu, michafu michafu, iliyokaa pale miaka ishirini na zaidi. Rahila alipoiona mikono ikamwasha.

Alifuata utaratibu, hilo tumpe. Aliwaandikia wote: je, yuko mtu anayetumia bado fomu ya visanduku viwili? Akangoja wiki mbili. Hakuna aliyejibu. Basi akaifyeka mistari ile kumi na saba, na kwenye maelezo ya kazi akaandika kwamba ameuliza na hakuna aliyepinga. Msimamizi wa sehemu ya mtandao, mama mmoja wa Brazili asiyesifu ovyo, akamsifu mbele ya watu, na mwezi uliofuata akamfanya msaidizi wake. Rahila aliichapa barua ile ya sifa akaibandika ukutani. Mtu wa Chumbageni, jina lake limo ndani ya mashine za dunia nzima, nani asingevimba kichwa?

Lakini kuna kitu hakukiandika popote. Siku ya kumi ya zile wiki mbili, akikoroga uji, lilimpitia wazo kwamba programu ya kengele ya ami ni ya zamani mno. Ami hayumo kwenye barua za wote, wala hajui kama zipo. Kutoka Chumbageni mpaka Mabawa si safari ya kuaga watu; angeweza kwenda akamuuliza, akanywa na kahawa, akarudi kabla ya adhuhuri. Akajiambia ataenda Ijumaa. Ijumaa akaosha nywele.

Huyo ami, Mzee Sabiri, alitoka Wete, Pemba, akiwa kijana, akafanya kazi ya ufundi simu hapa Tanga mpaka akastaafu. Kompyuta alijifunza ukubwani, kwa vitabu vilivyotupwa na ofisi, na akamfundisha Rahila tangu yuko darasa la tano. Baba yake Rahila alipofariki, ami ndiye aliyesimama mahali pake, kwa shule na kwa mengine yote. Kazi yake ya fahari ilikuwa kengele za zahanati ya uzazi ya Nesi Praxeda, pale Mabawa. Vitanda sita, kila kimoja na kitufe chake. Mzazi akibonyeza, kitufe hupiga ukelele kwenye mtandao wa mle ndani, na kompyuta ya mezani kwa nesi, iliyokwisha kujiunga na kundi la wasikilizaji, husikia na kulia. Programu hiyo aliiandika mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita. Maandishi yake ya asili yaliungua pamoja na diski siku umeme ulipocheza, ikabaki programu tupu, inayofanya kazi lakini haifunguki wala haisahihishiki. Hakuna aliyejali, kwa kuwa haikuwahi kugoma hata siku moja.

Rahila alimkuta zahanati siku ile ile, kwenye kiti cha mapokezi, kofia mapajani, daftari limefunguliwa juu ya kofia. Akamwamkia shikamoo ami, naye akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyetoka homani. Alikuwa amekonda. Ndevu alizokuwa akizichonga kila Alhamisi zilikuwa zimeota hovyo, na hilo lilimuuma Rahila kuliko vikaratasi alivyosimuliwa.

Nesi Praxeda, Mshambaa wa Lushoto, mwanamke wa maneno machache, alimweleza yaliyotokea. Jumanne ya wiki iliyopita, saa tisa alasiri, Mwatumu wa Nguvumali alikuwa kitanda cha nne. Uchungu ukamjia kwa ghafla akabonyeza. Akabonyeza na kubonyeza. Nesi wa zamu alikuwa chumba cha pili na mzazi mwingine, mlango umefungwa, feni inaunguruma, na alikuwa ametulia kabisa kwa sababu kengele haikulia. Mtoto alipokelewa na Beatrisi wa kitanda cha tano, naye mwenyewe mzazi wa jana yake. Mtoto alikuwa mzima. Mama ndiye aliyevuja damu, akakimbizwa na bajaji hospitali kubwa, akawekewa chupa mbili za damu. Sasa yuko kwake Nguvumali, amelala, hajaweza kusimama sawasawa.

Rahila akaitika ndiyo, ndiyo, huku akitazama sakafu. Laiti ningekwenda ile Ijumaa, alijisemea. Laiti ningekwenda na nywele zangu chafu.

Ami akamsogezea daftari. Kila kazi aliyoifanya kwenye mashine ile huiandika, ndiyo tabia yake tangu siku za simu. Pale Jumamosi paliandikwa kwa wino wa buluu: nimeapdeti, nimezima na kuwasha, programu ya kengele sikuigusa. Akaweka kidole juu ya neno la mwisho. Huu mwandiko ni wangu, alisema, lakini siuamini tena. Kengele inafanya kazi miaka kumi na tisa, halafu ninaishika mashine siku moja inakufa. Lazima niliigusa nikasahau. Na kama nimesahau hilo, ni mangapi mengine?

Rahila alikaa mbele ya kompyuta. Haikumchukua hata dakika tano. Alikuta programu inapeleka fomu yake ya visanduku viwili kama ilivyofanya siku zote, na kiini kipya kinaikataa. Wala programu haikujua kusoma jibu la kukataliwa, maana ilipozaliwa hakuna aliyewahi kuikatalia. Vitufe vililia vyote, ila kompyuta haikuwa imeandikishwa kusikia. Na katika orodha ya mabadiliko ya kiini kile kipya palikuwa na jina, Rahila Haji, na tarehe.

Alitazama nyuma. Ami hakuwa akisoma. Miwani ilikuwa mfukoni. Basi Rahila akafanya lililo jepesi. Kiini cha zamani kilikuwa bado kimehifadhiwa ndani ya mashine, akakirudisha, akazima, akawasha, akamwomba Nesi Praxeda abonyeze kitanda cha nne. Kengele ikalia. Mle ndani mzazi mmoja akacheka, na Nesi Praxeda akasema ashukuriwe Mungu.

Mzee Sabiri hakucheka. Alisimama nyuma ya kiti cha Rahila akauliza, taratibu, "Ni mimi niliyekosea, mwanangu?"

Rahila alikuwa anakunja waya. Aliendelea kuukunja.

"Niambie tu, sitakasirika. Ni mimi?"

Aliona ile barua ukutani kwake, akamwona yule mama wa Brazili, akamwona Mwatumu ambaye hata hamjui sura. Alitaka kusema, wallahi alitaka, na mdomo haukufunguka.

"Rahila. Ni mimi?"

Mara ya tatu. Waya ulikuwa umekwisha kukunjwa, akaukunjua akaanza upya. Mzee akangoja kidogo, kisha akasema, "Haya, nimekuelewa." Akatoa mfukoni funguo mbili za kabati la mitambo, akaziweka mezani mbele ya Nesi Praxeda, akamwambia atafute mtu mwenye akili timamu. Kisha akatoka bila kofia. Rahila ndiye aliyeiokota.

Alirudi Chumbageni kwa miguu, na kofia ya mtu mkononi. Alikuwa anajiambia hadithi nzuri nzuri, kwamba kengele si inalia, kwamba mzee si alikuwa amechoka, kwamba kesho kesho atamweleza akitulia. Hapo ndipo lilipomjia, katikati ya barabara, mpaka mwenye baiskeli akampigia kelele asogee. Lile swali alikuwa amewahi kuulizwa na sauti ile ile. Mara tatu vile vile.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, ameketi chumbani kwa bibi yake, hina mikononi, mtandio umemfunika uso. Ami aliingia na mashahidi wawili. Kwa kuwa baba hayupo, ndiye walii, na hawezi kumwozesha bila idhini yake. Rahila binti Haji, umeniwakilisha nikuozeshe Fadhil bin Athumani? Hakujibu. Akaulizwa tena, hakujibu. Mara ya tatu chozi lilimdondokea kwenye hina, hakujibu. Kwa desturi mwari akinyamaza huhesabiwa ameridhia, kwa sababu haya humzuia kusema. Rahila haya hazikumzuia. Hakumtaka Fadhil, na hakupata mdomo wa kulisema hilo mbele ya wazee wamevaa kanzu nyeupe na pilau iko jikoni. Ami akatoka, akawaambia wanaume kakubali, vigelegele vikapigwa. Ndoa ile ilikwenda miaka mitatu. Siku Rahila aliporudi na sanduku lake, ami alimpokea, akamwekea kitanda, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja siku ile tena.

Alipofika nyumbani aliisoma ile barua ya ukutani. Chini ya sifa, maneno yake mwenyewe yalikuwa yamenukuliwa: nimeuliza, hakuna aliyepinga. Aliyasoma akasimama palepale, kofia bado mkononi. Yeye, katika wanadamu wote, yeye! Miaka kumi na miwili alikuwa na kinyongo na watu waliochukua kimya chake wakakigeuza ndiyo, na siku alipopewa uwezo wa kuuliza yeye, alifanya hivyo hivyo, akangoja wiki mbili tu kwa haraka zake. Aliibandua barua. Kisha akaketi, akaandika nyingine.

Kesho yake Ijumaa alikwenda Mabawa mapema, nyumbani kwa ami. Kwenye mlango palikuwa na karatasi iliyoandikwa UFUNGUO, na mshale. Mama Khairiya akampokea bila maneno mengi, akaenda jikoni. Mzee alikuwa amekaa kwenye mkeka akiandika majina ya wanawe na namba zao za simu kwa herufi kubwa, mmoja mmoja, kwa uangalifu wa mtoto wa chuo cha Kurani.

Rahila akapiga magoti mbele yake. Hakumwamkia kwanza, alijua akianza na shikamoo mdomo utaridhika na hapo.

"Ami, si wewe. Ni mimi."

Akamweleza yote. Fomu, visanduku, mistari kumi na saba, swali lake, uji aliokuwa anakoroga, Ijumaa ya nywele. Hakupunguza kitu. Mzee alisikiliza, kalamu imesimama juu ya karatasi. Alipomaliza, ami aliuliza jambo moja.

"Jana nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nilikuuliza mara tatu."

"Mara tatu, ami."

Ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti, Mzee Sabiri hajui kupaza sauti. Alimwonyesha ile karatasi ya majina. Akamwambia kwamba usiku mzima alikuwa akijiandaa kuwa mtu asiyewajua wanawe. Kwamba alfajiri aliswali, akasita kwenye rakaa, akasema hiyo, ndiyo inaanza. Kwamba alikuwa amekwisha kumwambia mkewe ampeleke Wete angali anaijua njia. Rahila alilia, na hakujifuta. Karipio lilikuwa lake, na alilipokea.

Mama Khairiya alileta kahawa akaondoka nayo, maana hakuna aliyenyoosha mkono. Mwishoni ami akauliza kama kengele za watu wengine nazo zimekufa, huko duniani. Rahila akasema hajui, na hiyo ndiyo hofu yake. Anairudisha mistari ile kumi na saba kama ilivyokuwa, fomu kongwe ipokelewe, na ameandika barua kwa wote. Hajaituma. Alitaka yeye aisikie kwanza. Ami akasema asome.

Akaisoma kwenye simu, akiigeuza kwa Kiswahili. Ilisema kwamba badiliko lile lilikuwa lake na limeziba kengele za zahanati moja ya uzazi. Kwamba mama mmoja amevuja damu kwa sababu yake. Kwamba anaomba lirudishwe nyuma leo hii, mashine zote. Kwamba aliyekuwa akitumia fomu ile yuko mjini kwake na alimjua, na hakumwendea. "Niliuliza mahali ambapo asingesikia," alisoma, "nikachukua kimya chake nikakihesabu idhini."

Ami akainua mkono. Rahila akaishusha simu.

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. Alipozungumza hakumtazama.

"Siku ile, chumbani kwa bibi yako, chozi nililiona. Mashahidi hawakuliona, mimi nililiona. Nikatoka nikasema kakubali. Watu walikuwa wamekaa, nikaona haya kuwarudisha."

Miaka kumi na miwili Rahila alikuwa akiamini kwamba hakuona. Alikuwa amemsamehe kwa hilo, kwa kutokuona. Sasa hata msamaha ule haukuwa na mahali pa kukaa.

"Itume hiyo barua," ami alisema.

Akaituma, mbele yake. Jina lake, kosa lake, kwa watu wote wanaolijua jina lake. Kabla hajaiweka simu chini msimamizi wa Brazili, ijapokuwa kwao bado ni usiku, akawa amejibu, mstari mmoja tu, kwamba mistari inarudi leo na kwamba yale mengine watazungumza. Rahila alijua maana ya yale mengine: kile cheo cha msaidizi. Hakujali sana kama alivyodhani angejali.

"Mimi hili la kengele nimekusamehe," ami akasema. "Lakini Mwatumu si wangu kumsemea, kwake utakwenda mwenyewe kwa miguu yako. Na sasa nina swali. Nitauliza mara moja, na ukinyamaza nitajua umenyamaza, basi, sitakihesabu kitu. Lile la siku ile, utanisamehe?"

Akangoja. Alingoja kweli, mikono juu ya magoti, macho usoni kwake safari hii. Nje mtu alikuwa akinadi samaki wa asubuhi, akapita, sauti ikaishia mtaa wa pili, na ami bado alikuwa anangoja. Rahila alilisikia jibu likipanda, lile jibu zuri la adabu ambalo kila mtu angemtarajia, akaliacha lirudi lilikotoka.

"Bado, ami," alisema.

Mzee Sabiri akaitikia kwa kichwa. Akasema ahsante, amejibiwa. Kisha akainuka, akabandua karatasi ya UFUNGUO mlangoni, akaipokea kofia yake mkononi mwa Rahila, na wakatoka wote wawili kwenda Nguvumali, kwa mwanamke ambaye mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu.